Majani Yalipofika Ukutani

Fundi hakusema kitu. Alichutama kando ya ukuta wa nyuma, akayagawa majani kwa kiganja, akatoa kisu kidogo mfukoni na kukichoma kwenye ubao wa chini kabisa. Kisu kikaingia mpaka mpini. Hakukuwa na mlio.

Nimelala ndani ya nyumba ya mbao tangu nikiwa na miaka tisa. Najua ubao mzima unavyolia ukichomwa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimefungwa kifuani, macho yake kwenye kile kisu. Fundi akakichomoa, akakifuta kwenye suruali, akasogea hatua moja na kuchoma tena. Kikaingia tena. Akaendelea hivyo hadi kwenye pembe ya nyumba, pale majani yanapokoma na jiwe jeusi linapoanza. Hapo ndipo kisu kiligonga na kurudi.

"Mama," akauliza bila kugeuka, "nani alipanda hapa?"

Mama alinyamaza.

Ni mimi niliyepanda.

Wiki tano

Wiki tano zimepita tangu asubuhi ile na bado sijatulia. Mbao mbili za chini zimeshabadilishwa, fundi amelipwa, nyumba imesimama. Lakini nikiwa kwenye teksi-moto, yaani pikipiki ya abiria, au nikisubiri bidoni za maji zijae kwenye bomba, narudi kwenye ule ukimya wa mama. Alikuwa na jibu mdomoni na hakulitoa. Nimeanza kuandika kwa sababu nilitaka kujua ukimya ule ulianza lini.

Haukuanza siku ya kisu.

Jiwe

Aliyekulia Goma, huku mashariki mwa Kongo, haelezwi jiwe: ni lava ya mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ikishapoa. Nitasema tu la kwetu. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa mtaa wa Virunga, na iliondoka na lava Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 pamoja na takriban asilimia 13 ya mji huu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba, nasi tukiwa miongoni mwao. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na godoro moja. Tuliporudi jiwe lilikuwa bado na joto, na mvua ikinyesha lilitoa mvuke kama sufuria.

Mama alijenga palepale, juu. Chini kabisa, mahali fulani ndani ya ile lava, kuna nyumba ya matofali yenye meza na picha zetu. Juu yake akaweka nyumba ya mbao, kwa sababu mbao ni nyepesi, na kwa sababu kwenye jiwe lile huwezi kuchimba msingi kwa jembe. Mafundi wa mwaka 2003 walipanga mawe, wakayasawazisha, wakalaza mti wa chini juu yake, kisha wakapigilia mbao moja juu ya nyingine. Kati ya jiwe la chini na ubao wa kwanza walibakiza nafasi kidogo kuzidi shubiri moja. Nilipokuwa mtoto kuku walikuwa wakipita humo.

Nilikua nikiiona nafasi ile kama umaskini. Kama kazi ambayo haikumalizika.

Na jiwe lenyewe sikulipenda. Linachana magoti ya watoto. Vumbi lake jeusi linaingia kwenye mashuka. Mwezi Julai linachoma nyayo, mwezi Novemba linateleza. Miaka ikapita, ile likeni ya kijivu ikaota juu yake, halafu vijani vidogo kwenye nyufa, na mama akawa anafagia kila asubuhi kana kwamba ni sakafu. Kufagia lava! Nilikuwa nasikia ule mfagio na moyo unaniuma, nikijiambia kwamba siku nitakapopata fedha mama hatafagia jiwe tena.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, mlima ukalipuka tena. Tukakimbia usiku, tukarudi asubuhi. Tarehe 27 tukaambiwa tuondoke tena, tukatembea na msururu wote ule kuelekea mji wa Sake. Safari hiyo moto haukutufikia. Ulikuwa umesimama upande wa Buhene, pembezoni mwa mji. Tuliporejea nyumbani kwa mara ya pili mama aliweka mzigo chini, hakufungua hata mlango. Alichukua mfagio.

Siku hiyo niliamua kulifunika lile jiwe.

Lori

Zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupeana fedha kwa zamu, ilifika mwaka uliofuata, mwezi wa nane. Niliagiza malori mawili ya udongo mwekundu kutoka milima iliyo juu ya Sake. Wakati huo barabara ilikuwa inapitika. Nikanunua magunia ya pasipalumu, yale majani ya kutandaza uwanjani, vijana wawili wakaichambua shina kwa shina na kuipanda kwa mistari, kiganja kimoja kati ya shina na shina, mvua za Septemba zilipoanza.

Kichwani nilikuwa na picha. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nikipita mtaa wa Himbi kwenda ziwani, na kupitia mageti yaliyoachwa wazi niliona nyumba ambazo majani yanafika hadi ukutani, hakuna ufa wala mstari mweusi, kama nyumba imeota pamoja nayo. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Nikawaambia vijana: mpaka kwenye mbao. Sitaki kuona cheusi hata kimoja.

Mmoja wao aliuliza, "Yaya," ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "na hapa chini ya nyumba tuzibe?"

Nikasema mzibe.

Udongo ulifika juu ya mawe ya msingi, ukafika juu ya mti wa chini, ukaegemea ubao wa kwanza karibu nusu ya upana wake. Tukaushindilia kwa miguu. Ilipofika Desemba majani yalikuwa yamefungana na kuwa zulia. Mama alivua viatu, akatembea juu yake kutoka mlangoni hadi kwenye ua na kurudi. Alicheka. Ninalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu baadaye nilianza kudhani kwamba hakuwahi kuyapenda. Aliyapenda.

Fundi alichonieleza

Nilimwomba aniambie wazi, na alifanya hivyo, akiwa amekaa juu ya debe, bila haraka.

Goma haina mto. Mvua yote inayotunyeshea inaingia kwenye nyufa za lava na kwenda zake chini kwa chini hadi ziwani. Maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye manjanja, mabati ya paa la mama, yalipotea dakika ileile yalipogusa jiwe, na upepo ukapita chini ya mbao na kuzikausha. Ile nafasi niliyoiona kama umaskini ilikuwa ndiyo pumzi ya nyumba. Mimi nikaleta udongo mfinyanzi, ambao kazi yake ni kushika maji, nikauegemeza kwenye mbao za mkaratusi. Juu yake nikaweka majani ambayo yanazuia jua lisiuguse udongo ule.

Ubao ukilowa na kukauka unaishi miaka mingi. Kinachoula ni kuvu, na kuvu huyo hawezi kuanza kazi mpaka unyevu ndani ya ubao uzidi asilimia 20 hivi na ubaki hapo. Ukuta wa nyuma ulibaki hapo tangu Desemba ile. Na ni ukuta wa nyuma hasa, kwa sababu upande huo paa halina mfereji: uliokuwepo ulitobolewa na mvua yetu hii iliyochanganyika na moshi wa mlima, na hatukuweka mwingine. Maji yote ya nusu ya paa yalikuwa yakidondoka kwenye mstari mmoja, hatua moja tu kutoka ukutani, kwenye udongo usioyapitisha.

Halafu kiangazi. Mwezi wa saba majani yalianza kuwa ya kahawia na nilimwambia mama ayamwagilie maji ya kufulia. Mlango wa nyuma uko karibu na kona ile. Mzee wa miaka sitini na kitu hatabeba beseni hadi katikati ya uwanja. Alimwaga pale alipofika. Kwa hiyo hata jua la Julai halikupewa nafasi ya kuukausha ukuta.

Yote hayo niliyasikia nikitikisa kichwa. Kisha fundi akauliza swali moja ambalo sikuwa nimelitegemea.

"Na vidanji, mama aliacha kupaka lini?"

Vidanji

Kila mwaka, kabla ya mvua kubwa, mama alikuwa akinunua vidanji, mafuta machafu ya gari, kwa wale vijana wa gereji na kuzipaka mbao kuanzia chini hadi usawa wa dirisha. Ndiyo maana nyumba nyingi za hapa ni nyeusi. Si mafuta mazuri; yananuka, yanachubua mikono, na yakidondoka udongoni hakuna kinachoota. Lakini yanazuia maji.

Mwaka wa kwanza baada ya kupanda, alipaka kama kawaida. Ukingo wote wa majani ukafa, mstari wa rangi ya majivu kando ya ukuta. Nilikuja Jumapili, nikauona, nikakasirika. Sikumpigia mama kelele, hapana. Nilimwambia kwa sauti ya upole kabisa, ile sauti ambayo mtu mzima anaitumia kwa mzazi wake anapodhani sasa yeye ndiye anayejua: mama, haya mafuta ni sumu, yaache, angalia yalivyofanya majani.

Akasema, "Sawa, mama."

Mwaka uliofuata hakupaka. Na hata kama angepaka, brashi isingefika kwenye mti wa chini. Nilikuwa nimeuzika.

Shubiri tatu

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo linaloniamsha usiku.

Kulikuwa na sehemu kando ya ukuta wa nyuma ambayo majani hayakushika. Upana wake ulikuwa kama shubiri tatu, urefu wake hatua nne au tano. Kila nilipokuja ilikuwa tupu, na udongo wake umepungua. Nilidhani ni kuku. Nikaleta udongo kwenye mfuko, nikapanda upya. Baada ya miezi miwili ikawa tupu tena. Nikapanda tena, na safari hiyo nikaweka vijiti na neti ili kuku wasifike.

Siku ya fundi, alipokwisha kuondoka, nilimuuliza mama kama ni kuku kweli.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa ninasafisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuacha. "Ulikuwa umelipa malori mawili," akasema. Baadaye kidogo akaongeza: "Nilidhani ukiona nimesafisha utauliza."

Mara mbili nilikuta mama yangu amefungua pumzi ya nyumba yake kwa panga, na mara mbili nikaiziba. Mara ya pili niliizungushia neti.

Nimejaribu kujitetea. Sikujua. Yeye angesema. Mtu akiona nyumba yake inaoza si atasema? Lakini nikijiuliza kwa haki ni lini nilimpa nafasi ya kusema, siipati. Udongo ulikuja akiwa sokoni. Pasipalumu niliichagua mimi. Kila aliyepita alimwambia ana bahati ya kuwa na binti kama huyu, na angewezaje, mbele ya majirani na mbele ya likelemba yangu nzima, kusema kwamba zawadi ya binti inakula ukuta? Mzazi wa kwetu hakatai alicholetewa na mtoto. Anakipokea kwa mikono miwili, kisha anakirekebisha kimyakimya usiku usipokuwepo.

Majirani, na yaya wa Bukavu

Wiki ya kwanza nilitaka kuamini kwamba kosa ni la majani. Nilikuwa tayari kumwambia kila mtu asipande kitu karibu na nyumba. Kisha jirani wa upande wa kulia akanionyesha kwake. Nyumba yake ni ya matofali ya saruji, imekaa juu ya msingi wa mawe ya lava unaofika magotini, na majani yamefika hadi kwenye mawe yale. Kabla ya kuyapanda, kila mvua ilirusha matope ukutani na rangi nyeupe ilikuwa nyekundu hadi chini ya dirisha. Sasa tone likianguka linaangukia majani, haliruki. Ukuta wake ni mkavu. Nimeugusa kwa mkono.

Nikampigia simu yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, anayeishi Bukavu, Kadutu. Alinishangaa. "Huku usipopanda hadi ukutani," akasema, "mvua moja tu na utaona msingi uko nje kama meno." Nilikumbuka nyumba yake: imening'inia kwenye mteremko, udongo wa chini unateremka kila msimu kuelekea bondeni. Kwake mizizi ya majani ndiyo inayoishika ardhi. Kuyang'oa karibu na ukuta ni kuialika korongo ije mlangoni.

Kwa hiyo majani yaleyale yanaokoa nyumba Kadutu, yanaweka rangi safi kwa jirani, na kwa mama yanaozesha ukuta. Mizizi ya pasipalumu haikutoboa ubao wowote, fundi alinionyesha hilo. Tofauti ni mahali udongo ulipofika. Kwa jirani udongo unagusa jiwe, na mbao hana. Kwa yaya maji yana mteremko wa kwenda. Kwetu udongo uligusa mti na maji hayakuwa na pa kwenda. Fundi alisema kati ya udongo na mbao ibaki angalau sentimita 15 za jiwe linaloonekana kwa macho, na tone la paa lisianguke kwenye udongo kabisa. Kama mimi ningejua hilo tu mwaka 2022, ningekuwa na majani yangu na mama angekuwa na ukuta wake.

Nilihisi nafuu kulijua. Na bado halikunitoa pale kwenye neti.

Mwiko

Jumamosi ya wiki ya tatu nilifika na vijana wawili na majembe. Nilikuwa nimeamua kuondoa yote, udongo wote, turudi kwenye jiwe. Niliona hiyo ndiyo njia ya kuomba msamaha.

Mama akatoka. "Nani amewaambia mng'oe?"

Nikasema mimi.

"Na watoto watakaa wapi?"

Wajukuu walikuwa wamelala juu ya majani, matumbo chini, wanachora. Mikeka ya akina mama wa maombi ilikuwa imeanikwa kwenye ua, kwa sababu siku hizi wanakutania hapo, kwake, Jumatano jioni, na yeye ndiye anayewapokea. Sikuwa nimefikiria hata moja kati ya hayo. Kwa mara nyingine tena nilikuwa nimeamua peke yangu juu ya uwanja wa mtu mwingine.

Nikakaa chini. Nikamuuliza anataka nini. Swali dogo sana. Nina aibu kwamba nililiuliza likiwa limechelewa miaka kadhaa.

Aliingia jikoni, akatoka na mwiko wa bugali, ule mrefu wa sufuria kubwa. Akaulaza chini, mpini ukigusa ukuta, kichwa kikielekea uwanjani. "Mpaka hapa," akasema. Kichwa cha mwiko kilipita kidogo mstari ambao matone ya paa yalikuwa yamechimba. Akausogeza, akaulaza tena, akausogeza, akazunguka nyumba nzima hivyo, na kijana mmoja akimfuata anachora mstari kwa jembe.

Tulichimba kwa siku mbili. Udongo wa karibu na ukuta ulikuwa mzito, wa baridi, unanuka kama pango. Chini yake tukalifikia jiwe, jeusi vilevile, na nyufa zake tulizisafisha kwa fimbo na fagio mpaka maji ya majaribio yalipoingia na kupotea. Upande ule tukajaza changarawe za lava tulizonunua kwa akina mama wanaoponda mawe kando ya barabara. Nafasi ya chini ya nyumba ikafunguka. Kuku wakaingia siku ileile.

Nilipoinuka kuunyoosha mgongo nilimwona mama amesimama pembeni ya ule ukanda mweusi, mfagio mkononi, akisubiri tumalize.

Hadi sasa

Mbao mbili mpya ni nyeupe, zinaonekana kama bandeji. Mama amenunua vidanji. Nilimletea glavu na nikashika kopo wakati yeye anapaka. Tuliweka maboksi ya kadi chini ili mafuta yasidondoke, na changarawe sasa ziko kati ya mafuta na majani. Alipaka hadi mti wa chini kabisa, akiwa amepiga magoti, na hakutaka nimpokee brashi.

Mfereji wa paa bado hatujaweka. Nimeanza kuweka akiba. Nilimuuliza kwanza kama anautaka, na upite upande gani. Alisema upande wa jikoni, ili maji yaingie kwenye pipa na wasiteke sana ya ziwani. Hilo nisingeliwaza.

Kuna nguzo moja ya pembeni ambayo fundi hakuibadilisha. Alisema imeanza, lakini huenda ikikauka itasimama ilipofikia. Atakuja kuiangalia kiangazi. Kwa hiyo kila nikifika nachukua kisu cha mama cha kumenya viazi, nachutama kwenye changarawe, nachoma taratibu, palepale chini. Mama anasikiliza akiwa jikoni.

Juzi aliuliza kupitia dirishani, "Kinasemaje?"

Nikachoma tena ili asikie mwenyewe.